Maswali ya wasomaji: Simenti kwenye ukuta wa mawe na chokaa

SWALI: Assalamu alaikum. Nyumba yetu ni ya zamani, kuta za mawe. Miaka mitatu nyuma tulibandua lipu iliyochakaa, tukapiga ya simenti hadi usawa wa kiuno. Sasa unyevu umetokea juu ya simenti, rangi inabanduka na pana unga mweupe. Fundi anataka kupandisha simenti hadi darini na kuitia dawa ya kuzuia maji. Tumkubalie?
Msomaji, Malindi, Unguja

JAWABU: Wa alaikum salaam. Msimkubalie. Unga huo ni chumvi, na aliyeuleta ni hiyo simenti.

Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa hewani kupitia lipu ya chokaa. Mkiuziba kwa simenti, maji hupanda mpaka yapate pa kutokea. Ndiyo maana doa limeanza pale simenti ilipoishia. Mkifika darini mtaufikisha unyevu kwenye vichwa vya boriti. Boriti huoza kichwani, ndani ya ukuta, huku katikati mkiiona nzima.

Kwanza tafuteni maji yanapotoka: michirizi ya paa, tangi, bomba la choo. Kisha bandueni simenti kwa nyundo na tindo, msitumie mashine, maana mtikisiko hulegeza mawe. Gongeni kwa kifundo cha kidole. Panapolia tupu ndipo pa kuanzia. Chumvi isuguliwe kwa brashi kavu na ifagiliwe nje. Mkiiosha kwa maji inarudi ndani. Acheni ukuta wazi miezi kadhaa, na kazi ya lipu iwe wakati wa kaskazi, si masika.

Chokaa ilowekwe wiki kadhaa mpaka iwe kama mtindi mzito. Karai moja ya chokaa kwa tatu za mchanga usio wa pwani. Mashimo yajazwe vipande vya mawe, ukuta unyunyizwe maji, kisha lipu ipigwe kwa tabaka la sentimita moja hivi, lifunikwe magunia mabichi siku tatu au nne. Tabaka la pili lingoje la kwanza likaze. Fundi atataka kutupia "kidogo tu" cha simenti ili ikauke haraka. Simameni hapo hapo! Juu ya lipu hiyo pakeni chokaa nyembamba mara tatu au nne. Rangi ya plastiki huziba kama simenti.

Kabla ya nyundo ya kwanza, ombeni kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

SWALI: Boriti mbili zimeoza. Tung'oe dari lote tumwage zege?
Msomaji, Kiponda

JAWABU: La. Chomeni bisibisi kwenye kila boriti, pale inapoingia ukutani. Inapozama kirahisi, badilisheni hiyo moja, au wekeni mpya ubavuni mwake, baada ya kuegemeza dari kwa nguzo. Zege ni zito mno kwa kuta hizo, na vyuma vyake hula kutu kwa chumvi ya ukutani.