Ndoto ya King haikuwa kwenye karatasi
Ndugu, umeuliza kama Martin Luther King, mpigania haki za weusi Marekani, aliiandika ile sehemu ya "Nina ndoto" katika hotuba yake maarufu. Siku ile haikuwemo kwenye karatasi yake. Tarehe 28 Agosti 1963, pale Washington mbele ya waandamanaji kama 250,000, alikuwa anasoma hotuba, mwimbaji wa nyimbo za injili Mahalia Jackson akampigia kelele awaambie kuhusu ndoto. Akaacha kusoma. Ila haikuwa mpya, Juni mwaka huohuo alishaisema katika mji wa Detroit.

Binafsi hunigusa zaidi sehemu ya mwanzo ya hotuba, ambayo wengi huiruka. Alitoa mfano: Marekani iliwapa weusi hundi, wakafika benki wakaambiwa akaunti haina fedha. Yaani usawa ni deni, si hisani. Na maandamano yenyewe yalikuwa ya ajira na uhuru. Walidai hadi kima cha chini cha mshahara, dola 2 kwa saa.