The Hazards of Love: isikilize yote kwa mpangilio

Ndugu yangu, unasema albamu hii ya 2009 ya The Decemberists, bendi ya roki ya Marekani, imekuchanganya, na unauliza kama uchague nyimbo chache tu. Usichague. Ni tamthilia nzima na nyimbo zinaungana, kwa hiyo hakikisha simu haizipangui. Halafu fuata sauti: Becky Stark ndiye Margaret, mhusika mkuu wa kike, Shara Worden ndiye Malkia wa msituni. Colin Meloy, mwimbaji wa bendi, anaimba sehemu ya William, mpenzi wa Margaret, na ya mhuni wa hadithi pia, na hapo ndipo wengi hupotea. Worden akishaingia, gitaa linakuwa zito ghafla na mwanamke anaunguruma kweli kweli. Kwangu mimi utamu wote uko hapo. Mwishoni, sikufichi, inaburuta kidogo. "The Rake's Song", wimbo wa yule mhuni, usiuweke mbele ya watoto: humo anaua wanawe na wala hajutii.