Orodha za zamani za minada ya kadi za besiboli: usizitupe

Ndugu muulizaji, umesema kwamba pamoja na kadi za besiboli (vikadi vyenye picha za wachezaji, ambavyo watu huvikusanya) alizokuachia marehemu mjomba wako huko Marekani umekuta bahasha ya orodha za minada na barua, nawe unauliza zilitumikaje na kama unaweza kuzitupa. Tafadhali zitunze.

Kabla ya intaneti, muuzaji aliandaa orodha iliyotaja toleo, mchezaji na hali ya kila kadi, akaitangaza katika jarida la wakusanyaji, kama vile Sports Collectors Digest lililoanza mwaka 1973, au akaituma kwa posta kwa wateja aliowafahamu. Mnunuzi aliandika dau lake katika barua iliyopaswa kufika kabla ya siku ya mwisho. Aliyeshinda alijulishwa, akatuma hundi au hawala ya posta, kisha akasubiri. Kwa kuwa mara nyingi hapakuwa na picha, alitegemea uaminifu wa muuzaji katika kueleza pembe zilizochakaa, mikunjo na madoa, maana hata kampuni ya PSA, inayopima ubora wa kadi, ilikuja kuanzishwa mwaka 1991.

Ukiona alama T206, hiyo ni namba ya katalogi ya Jefferson Burdick, mkusanyaji wa kadi wa Marekani aliyeziorodhesha, kwa kadi zilizotolewa pamoja na sigara kati ya 1909 na 1911. Linganisha kadi na orodha kwa subira, usiandike chochote juu ya kadi yenyewe, na usiitenganishe na barua yake, kwani barua hiyo yaweza kuonyesha ilikotoka, jambo ambalo mnunuzi makini hulithamini sana.