Jibu: Watunza banda na wakufunzi wa mbwa saidizi hawaelewani, tuanzie wapi?

Mkuu, umesema kituo chenu kinafundisha mbwa wa kuongoza wasioona na wa kusaidia watu wa viti vya magurudumu, kikao kipo kila Ijumaa, grupu la WhatsApp lipo, na bado watunza banda na wakufunzi wanalaumiana. Kikao cha pili hakitasaidia kitu. Mbwa mmoja hupita mikononi mwa watu wanne au watano kwa siku, na kila mmoja huondoka zamu na taarifa kichwani. Taarifa ibaki kwenye kadi mlangoni mwa banda la mbwa, ambako yeyote atakayemchukua ataikuta.

Anzeni na chakula, maana ugomvi mwingi huzaliwa hapo. Mkufunzi anatumia punje za chakula kama zawadi asubuhi nzima, kisha jioni mtunza banda asiye na habari anajaza bakuli. Mbwa (tuseme wa aina ya Labrador) akinenepa, mkufunzi anadai banda linamzidishia, na banda linajibu kwamba limefuata kipimo. Wote wanasema kweli. Pimeni kwa mizani ya jikoni kila asubuhi posho nzima ya siku, tuseme gramu 350, muiweke kwenye kopo lenye jina la mbwa. Mkufunzi achote humo humo, na kinachobaki jioni ndicho kiingie bakulini. Zawadi za aina nyingine zisizidi asilimia 10 ya kalori za siku, nazo zitoke kwenye hesabu hiyo hiyo.

Kinachofuata ni lugha ya ripoti, na hapa msione uvivu. "Leo alikuwa mkorofi" haimsaidii mtu. Andikeni kilichoonekana: kitu gani kilimshtua, kilikuwa umbali gani, alifanya nini, na alitulia baada ya muda gani. Mfano: "Pikipiki, mita 5, alibweka mara tatu, alichukua chakula baada ya sekunde 10." Kwa mstari huo mkufunzi wa kesho anajua aanzie mita 10. Muda wa kutulia ndio wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu mbwa anayeshtuka na kurudi kazini upesi bado ana nafasi ya kufuzu, ila anayebaki na wasiwasi nusu saa ni suala jingine kabisa. Kinyesi nacho kipewe namba. Chati ya Purina, kampuni ya chakula cha mbwa, ya 1 hadi 7 inatosha, 2 ikiwa nzuri na 7 maji matupu. Ubishi wa "laini kidogo" unaishia hapo.

Amri ziandikwe kwenye karatasi moja ukutani: neno, ishara ya mkono, mwili wa mbwa unavyotakiwa kuwa, na neno la kumruhusu aache. "Chini" haiwezi kuwa amri ya kulala na pia ya kushuka kwenye kochi. Assistance Dogs International, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya mbwa saidizi, linataka mbwa aitike kwa kuambiwa mara moja katika asilimia 90 ya amri anazopewa, na hesabu hiyo haina maana ikiwa mkufunzi mmoja anahesabu na amri aliyoirudia.

Makabidhiano ya zamu yafanyike kwa kusimama mbele ya mabanda, dakika 10, wakitajwa mbwa wenye mabadiliko tu. Anayepokea arudie kwa mdomo alichosikia. Dawa isainiwe pale pale inapotolewa, na pasipo na saini mtu apige simu kwanza, asikisie. Dozi mbili za dawa ya maumivu kama carprofen zinaweza kumharibu mbwa tumbo, figo au ini.

Halafu kuna jambo ambalo mabosi wengi hawalipendi. Mtunza banda ndiye anayeona mkojo wa kwanza, bakuli lililoachwa na mbwa anayechechemea akiamka, ila kwa kawaida ndiye wa mshahara mdogo na hunyamaza mbele ya mkufunzi. Mpeni mamlaka ya kumzuia mbwa asitoke siku hiyo akitapika, akigoma kula au akichechemea, bila kuomba ruhusa ya mtu. Asipokuwa nayo ataendelea kunyamaza, hata mkiweka kadi nzuri namna gani.

WhatsApp ibaki kwa dharura na mabadiliko ya ratiba. Ujumbe wa sauti kuhusu mbwa upigwe marufuku, kwani baada ya siku mbili hakuna atakayeupata chini ya salamu na picha.

Programu ya kompyuta ya kutunza taarifa hizi uliyoulizia isubiri. Bandani kuna maji, na mikono ni michafu. Kadi iliyopigwa laminesheni na kalamu ya ubao zinatosha, mradi mtu mmoja wa zamu ya jioni azipige picha zote kabla hazijafutwa, na picha ziwekwe kwenye folda ya kila mbwa kwa tarehe.