Uliza Mwongozaji: Vijana wetu washuke korongoni Hell's Gate?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni katibu wa vijana kanisani kwetu. Mwezi wa Aprili tunakwenda mbuga ya Hell's Gate, Naivasha, na karibu wote wanataka kushuka kwenye korongo la Ol Njorowa. Mzazi mmoja amekataa katakata kutia sahihi, anasema korongo lile linaua watu. Naona anatutisha bure, maana tutachagua siku isiyo na mvua na tutachukua mwongozaji. Nimjibu nini?
Katibu, Nakuru

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mshukuru huyo mzazi. Aprili 2012, mwezi huo huo mnaoutaka, watu saba waliokuwa kwenye ziara ya vijana wa kanisa walisombwa na maji mle ndani. Septemba 2019 wakafa wengine saba, mwongozaji akiwa mmoja wao, na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ikalifunga korongo. Hayo mama au baba huyo hakuyatunga.

Hiyo siku yenu isiyo na mvua ndiyo inayonitia wasiwasi. Mvua ya kuogopa Ol Njorowa hainyeshi juu ya kichwa chako, inanyesha milimani kule maji yanakotokea. Udongo wa pale ni majivu ya volkano na miteremko ni mikali, kwa hiyo mvua kubwa ikipiga, maji hayanywewi na ardhi, yanateremka yote kwa pamoja. Yakifika korongoni yanakuta njia ambayo mahali pengine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Yaende wapi? Yanapanda juu. Wewe uko chini umevaa miwani ya jua, unapiga picha.

Nimewaongoza wageni mle kwa miaka mingi, na kila kundi nililisimamisha mahali pamoja pembamba nikawaambia watazame juu, wasitazame miguuni. Kwenye nyufa za mwamba, juu kabisa ya kimo cha mtu, utaona nyasi kavu, vijiti, pengine tawi zima limekwama. Hakuna ndege aliyeyapachika pale. Ni mafuriko yaliyopita yameacha alama ya yalikofika. Mtu akishaziona nyasi zile kwa macho yake, huwa sina haja ya kuhubiri tena.

Sasa ushauri wangu. Aprili ni katikati ya mvua za masika, kwa hiyo korongoni msishuke. Kama safari haiahirishiki, nendeni Hell's Gate kama kawaida: kodini baiskeli, mpite katikati ya pundamilia na swala bila kuwa ndani ya gari, jambo ambalo mbuga chache sana za Kenya zinaliruhusu. Mwamba wa Fischer's Tower upo, mita 25 hivi kwenda juu, na ukingoni mwa korongo mnaweza kusimama mkalitazama kutoka juu. Vijana watafurahi, wala hawatahisi wamenyimwa.

Mkiamua kurudi wakati wa kiangazi, ulizeni getini kama korongo limefunguliwa siku hiyo, na jibu la askari wa KWS likiwa hapana, msitafute kijana wa kuwapitisha kichochoroni. Ingieni asubuhi, kwa sababu mvua za Bonde la Ufa mara nyingi huja alasiri. Hata hivyo msiuamini mwezi peke yake. Septemba haihesabiwi kuwa ya masika wala ya vuli, na yaliyotokea 2019 umeshayasoma hapo juu. Kukiwa na wingu zito upande wowote wa milima, hata liwe mbali, ghairini.

Mwongozaji mchukueni, lakini kabla ya kushuka mwambieni awaonyeshe njia za kupandia ukutani maji yakija, na kila mkiacha moja aseme inayofuata iko wapi. Asiyeweza kuzitaja asiwaongoze. Gawanyeni kundi liwe dogo dogo, maana sehemu za kupanda kwa mikono watu hupangana foleni, na foleni ya watu arobaini haipandi ukuta kwa dakika mbili. Kijito cha chini kikigeuka rangi ghafla au mkisikia mngurumo, acheni mikoba, pandeni pembeni. Usikimbie kufuata njia ya maji, yatakushinda mbio.

Mwonyeshe mzazi barua hii, kisha mketi naye mpange tarehe upya.

SWALI: Mzee, raba za kawaida zinatosha korongoni? Nina magoti mabovu kidogo.
Mama wa watatu, Thika

JIBU: Raba zinatosha kama soli bado ina meno. Mawe ya chini yamesuguliwa na maji hadi yakawa laini, na pale chemchemi za moto zinapotiririka ukutani yanateleza. Usiyaguse maji hayo kabla mwongozaji hajakuambia, mengine yanaunguza. Kuhusu magoti, Mama, kushuka ndiko kutakakokusumbua kuliko kupanda. Kuna mahali utakaa kitako ujisukume taratibu huku mtu amekushika mkono. Kama ngazi za nyumbani zinakupa shida, baki juu ukingoni.