Betri ya toroli ya gofu: asidi au lithiamu?

Ndugu, umeuliza toroli yako ya gofu hapo Malindi uitie betri ya asidi au ya lithiamu. Kama mfuko unaruhusu, chukua lithiamu ya chuma na fosfeti, volti 12. Uzito wake ni kama theluthi tu ya ile ya asidi, na ikikaa stoo na nusu ya chaji haina neno. Ya asidi ikiachwa tupu, sahani zake huganda salfeti, ukoko mgumu unaozuia chaji, basi tena. Bei yake ni nafuu, sikatai, lakini chaji yake usiishushe chini ya nusu.

Chaja ya zamani weka kando: lithiamu hiyo yataka yake, ya volti 14.6. Na ncha za betri zipake grisi, upepo wetu una chumvi. Ukiona unga wa kijani, sugua kwanza.