Birika limeota ukoko mweupe

Swali: Shikamoo dada. Hapa Nkuhungu, Dodoma, maji ya bomba yanakataa povu. Mche wa sabuni unaisha nguo bado. Birika nalo limeota ukoko mweupe. Wanangu wanayanywa, naogopa.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hayo ni maji magumu. Maji ya visima vya Makutupora, vinavyolisha mabomba ya Dodoma, hupita ardhini yakibeba madini ya kalisi na magnesi. Ukiyachemsha, kalisi huganda birikani. Ukoko huo si sumu, usiogope. Langu nalikamulia ndimu mbili, nalijaza maji, nachemsha, nalilaza hivyo. Asubuhi ukoko unabanduka vipande vipande, kama ganda la yai. Ya kunywa chemsha, yatulie, mimina taratibu mashapo yabaki. Ladha ya chumvichumvi haitoki kwa kuchemsha. Yakibadilika rangi au harufu, ugumu si chanzo: acha kuyanywa, omba mamlaka ya maji iyapime.